Alichokiita Biskuti

Jina lake la ubatizo lilikuwa Leokadia, lakini katika nyumba ya Bi Mwanaasha, pale Jadida, mtaa wa Wete kisiwani Pemba, aliitwa Rahma. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Bi Mwanapili, aliyekuwa akiwatafutia wasichana kazi za majumbani, ndiye aliyelitamka mara ya kwanza. Siku ile alisimama barazani, akapiga hodi, akapokewa, akauliza hali za kila mtu wa nyumba, kisha akasema kwamba ameleta mtoto mtulivu asiye na makuu, anaitwa Rahma. Leokadia alikuwa nyuma yake, kashika mfuko wa nguo. Alifungua mdomo kusema siye. Akaona haya, akaufunga.

Alidhani atasema kesho yake. Kesho ikawa wiki, na wiki ikawa msimu mzima wa karafuu, akikaa ukumbini kuchambua vikonyo na kuitikia jina lisilo lake. Kila siku iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi. Angelisema siku ya kwanza lingekuwa sahihisho dogo tu, watu wakacheka wakaendelea na kahawa. Kufika mwezi wa tatu lilikuwa tayari limekuwa udanganyifu.

Watu wake walikuwa upande wa Chake. Babu yake alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu akabaki, na baba yake alikuwa akivunja mawe ya kujengea. Kanisani alipelekwa tangu akiwa mgongoni. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua, na mama alipokufa hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Alikuwa mtu wa haya. Dukani alisema kwa sauti ya chini hata muuzaji akamuuliza mara tatu anataka nini, na ya tatu akaondoka bila kununua.

Bi Mwanaasha alikuwa mjane mwenye miaka kama sitini, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Mwanawe, Othman, alifanya kazi Unguja, na mkewe Othman, Khairiya, alikaa na mkwewe hapo Jadida. Bi Mwanaasha alikuwa akipika mkate wa kumimina wa kuuza, na katika mji wa Wete walikuwapo watu wasiokubali kufuturu kwa mkate mwingine. Alimpenda Leokadia. Alimfundisha kuroweka mchele na kuusaga mpaka uwe laini, kuchanganya tui, sukari, iliki na hamira, kuacha uumuke, kisha kuumimina katika sufuria yenye moto chini na makaa juu ya kifuniko. Akamfundisha na kuonja.

Kuonja mwezi wa Ramadhani ni kazi yenye adabu yake. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa haja, lakini kwa ncha ya ulimi tu, kisha ateme asimeze kitu. Ulimi wa Bi Mwanaasha ulikuwa umeharibika kwa ugonjwa wa sukari, kila kitu akikiona chapwa, kwa hiyo kazi ya kuonja ikawa ya Leokadia. Kila bakuli la unga ulioumuka lilipita kwake. Alichovya kidole, akagusisha ulimini, akaisikiliza sukari, kisha upesi akainua pindo la khanga mdomoni na kutema. Kwa siku bakuli saba, nane, tisa. Ikafika mahali mkono ulipanda wenyewe kabla hajauamuru.

Maana na yeye alikuwa amefunga. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuyaeleza, hata mwenyewe akijieleza. Jina lilikuwa la uongo. Shangazi mgonjwa, ambaye alisema anakwenda kumtazama baadhi ya Jumapili, hakuwahi kuwapo duniani. Usiku, Bi Mwanaasha alipotandika msala wa sala ya tarawehe, Leokadia alisimama nyuma yake akiinama alipoinama na kusujudu aliposujudu, midomo ikicheza. Lakini saumu ilikuwa ya kweli. Tangu mwezi uandame hakuwahi kuiba hata tone la maji, ingawa jikoni alikuwa mara nyingi peke yake na mtungi uko pale. Katika yote aliyokuwa akimpa Bi Mwanaasha, saumu ndiyo pekee aliyoweza kumpa mkono kwa mkono na kumtazama usoni. Aliishika kama mtu anayeshika kipande cha mwisho cha kitu kilichovunjika.

Mwaka ule Ijumaa Kuu iliangukia siku ya kumi na nane ya Ramadhani. Leokadia hakuwa amefika kanisani tangu mwezi kuandama, kwa wingi wa mikate, na dhamiri ilimla. Alipomaliza kuroweka mchele aliomba ruhusa akamtazame shangazi. Bi Mwanaasha alimpa ruhusa, na zaidi ya ruhusa akamfungia nusu ya mkate katika karatasi, akasema mgonjwa naye afuturu vizuri. Leokadia aliupokea kwa mikono miwili. Njia nzima ile harufu ya iliki ilimfuata, na alipofika kanisani aliukabidhi mkate kwa mke wa Mwalimu Jaribu, katekista, bila maelezo, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi.

Kanisa lilikuwa dogo, la bati, na watu hawakuzidi sitini. Wengi walikuwa wake za askari, walimu kutoka bara, wafanyakazi wa ujenzi. Kengele haikupigwa, kwa kuwa siku hiyo haipigwi. Yakasomwa Mateso tangu bustanini hadi kaburini, watu wamesimama, na jasho likiwateremka shingoni.

Katika mahubiri padri hakusema sana juu ya misumari. Alisema misumari kila mtu anaijua, lakini watu husahau nguo. Wale askari walimvua nguo wakazigawana. Akawaambia ninyi mnaokaa Pemba mnaelewa sitara ni kitu gani. Mnajua mtu angetoa nini ili asionekane na jirani katika hali ile. Naye alitundikwa mchana, kando ya njia ya watu waingiao mjini, mama yake akiwapo. Hakupewa hata pazia. Padri alisema maumivu peke yake yangetosha kumuua, lakini aibu aliichukua pia, yote, kwa sababu iko mizigo ambayo binadamu huificha hata mbele ya Mungu, na Kristo hakutaka kubaki mzigo wowote ambao Mungu hajaubeba.

Leokadia alisikiliza akiangalia vidole vya miguu yake. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu aliyekwenda kumsema kwa padri. Msalaba ulipofunuliwa na watu wakajipanga kuubusu, naye alijipanga, akapiga goti, akaugusisha midomo chini, penye miguu, akaondoka upesi kama mtu aliyebusu kitu asichostahili kukishika.

Kisha ikaja komunyo. Siku hiyo hakuna misa, lakini watu hupokea hostia, vile vipande vyembamba vya mkate mtakatifu, zilizowekwa tangu Alhamisi. Mwalimu Jaribu alishika kisahani chini ya videvu vya watu, padri akinyoosha mkono na kusema, "Mwili wa Kristo." Leokadia akaitikia Amina. Akafumba macho, akatoa ulimi, akasikia ule wepesi wa unga usio na chumvi wala sukari ukimkaa ulimini.

Na mkono ukapanda. Pindo la khanga likafika mdomoni, kama lilivyofika jana mara tisa na juzi mara nane. Wanawake wengi wa kisiwani huziba mdomo kwa khanga wakiona haya, na aliyemwona hakushangaa. Alipofika kwenye benchi akaona kile alichokitema kiko kiganjani mwake, cheupe, cha mviringo, kimelowa upande mmoja.

Alikaa nacho. Dawa ilikuwa rahisi: kukirudisha mdomoni na kumeza. Aliinua mkono. Akaliona jua dirishani, bado liko juu, akamwona akilini Bi Mwanaasha akimnyooshea tende magharibi na kumwambia Mungu akutakabalie, mwanangu. Akimeza sasa, hata saumu itakuwa uongo. Basi akafikiri atasubiri. Adhana ikilia, kabla ya tende, kabla ya maji, atakila hicho kwanza. Mwenyewe alishtuka kusikia mawazo yake, kwamba anamwambia Bwana wake asubiri mpaka saa kumi na mbili na nusu. Lakini alikwisha kukikunja ndani ya pindo la khanga, akapiga fundo, na juu yake la pili.

Nyumbani alikuta moto umeshawashwa na foleni ya sufuria. Alifanya kazi kama kawaida, ila mkono wa kushoto haukutulia. Kila baada ya muda ulikwenda kwenye fundo, ukalipapasa, ukarudi. Alipoinama kuchochea makaa alilishika lisiguse jivu. Alipomimina tui alilirusha begani, na tui kidogo likalirukia, akalifuta kwa haraka ambayo si ya kufuta tui.

Khairiya alikuwa kaegemea mlango wa uani akichambua mchicha, na macho yake yalikuwa hayana kazi nyingi. Alianza kwa mzaha. Alisema mwenzetu leo kaenda kwa shangazi karudi na hazina. Akauliza kama shangazi huyo ana ndevu. Alisema wasichana watulivu ndio wa kuwaogopa. Leokadia alicheka kidogo na kugeuka, na huko kugeuka ndiko kulikomharibia.

"Shoga, hebu nionyeshe," Khairiya alisema. "Pete? Au kakuandikia barua?"

"Si kitu."

"Si kitu, na mafundo mawili?"

Neno mafundo lilimfanya Bi Mwanaasha ainue kichwa. Alikuwa mtu wa kuyaogopa. Mumewe alipougua ugonjwa wake wa mwisho, kulichimbuliwa chini ya kizingiti kitambaa kilichofungwa mafundo, ndani mna vitu ambavyo hakuwahi kuvitaja. Hakupata kumjua aliyekizika, na tangu hapo hakuona kitu kilichofungwa nyumbani mwake akatulia. Aliweka mwiko chini.

"Mwanangu, umefunga nini?" aliuliza taratibu.

Leokadia alilifumbata fundo. Bi Mwanaasha akanyoosha mkono, si kwa ukali, akalishika pindo na kulifungua mwenyewe, kwanza fundo la juu, kisha la chini. Kile kitu kilikuwa kimeloa tui, kimeinama ukingoni na kushikamana na uzi wa khanga. Cheupe. Hakikuwa chakula chochote alichokijua.

"Dawa hiyo, mama," Khairiya alisema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Dawa ya mtu. Katumwa."

"Nani kakupa?" Bi Mwanaasha aliuliza. Alijifuta vidole kwenye kanzu yake.

Leokadia aliviona vile vidole vikifutwa. Aliona kwamba mwanamke huyu aliyemfungia mkate wa mgonjwa anamwogopa sasa, na neno la kumtuliza lilikuwa karibu sana, jepesi sana.

"Biskuti tu, bibi," alisema. "Nimepewa na mtoto wa shangazi."

Bi Mwanaasha alishusha pumzi ndefu. Akacheka, macho yakimlengalenga, akamwambia Khairiya aone na ajifunze: mtoto mdogo kampa biskuti kwa mapenzi, naye hakutaka kumvunja moyo, akaifunga mpaka afuturu. Akasema hao ndio watu, si wewe unayewafikiria wenzako mabaya na tumbo li wazi. Kila neno la sifa lilimshuka Leokadia kama kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye kifuniko.

Khairiya aliona haya, na kwa kuona haya akataka kurekebisha. Alikichukua kile kitu kwenye pindo, akakinusa, akasema hata harufu hakina na tui limeshakiharibu. Magharibi atampa pakiti nzima ya kwake, ya maziwa. Akakitupa uani penye kuku.

Kuku watatu walikuja mbio. Leokadia hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka magoti yakigonga ardhi, na kiganja kikifunika, na mdomo wa kuku ukimpiga kwenye kifundo cha kidole, mara moja, mara mbili. Alibaki amejikunja vile kama mtu aliyefunika moto.

"Msikitupe," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopata kuisikia. "Si biskuti. Ni mwili wa Bwana Yesu."

Khairiya alicheka kicheko kifupi cha woga, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Mie Mkristo, bibi," Leokadia alisema bila kuinua uso. "Sina shangazi. Nilikwenda kanisani. Jina langu Leokadia. Nilitaka kukwambia siku ya kwanza."

Kuku walikuwa wakizunguka, wakiparura pembeni ya mikono yake. Jikoni mkate ulianza kunuka kuungua, na hakuna aliyekwenda kuugeuza. Mwishowe Bi Mwanaasha aliwafukuza kuku kwa pindo la kanzu yake, akachukua kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wageni, akakisuuza na kukipangusa vizuri, akakiweka chini karibu na mkono wa Leokadia.

"Kitie humu," alisema. "Ukirudishe kilikotoka. Kitu cha watu cha dini hakikai kwenye mavi ya kuku."

Adhana ya magharibi ilimkuta njiani. Njia zilikuwa tupu, watu wote wako ndani wanafuturu, na kutoka kila mlango alisikia vikombe na sauti za watu walioridhika. Hakuwa na tende wala maji. Alitembea akikiziba kile kikombe kwa kiganja.

Padri na Mwalimu Jaribu walikuwa nyuma ya kanisa wakinywa uji, chakula chao cha siku ya kufunga. Alisimama mbali, wakamwita mara mbili ndipo akasogea. Alitegemea kwamba maneno yatamkwama kama siku zote, lakini yalikuwa yamefunguliwa kule uani na hayakujua tena kurudi. Alisema yote. Mwalimu Jaribu aliinuka kuwaacha wawili, lakini Leokadia akasema hata akikaa haidhuru. Alisema kuhusu jina, kuhusu kuonja, kuhusu saa kumi na mbili na nusu. Neno moja tu lilimshinda, akalizunguka mara nyingi.

"Nilimwita biskuti," alisema hatimaye. "Si kwa kuteswa. Hakuna aliyenitesa. Walikuwa wananipenda."

Padri alikitazama kile kilichokuwa ndani ya kikombe: vipande viwili vyenye mchanga, na uzi mwekundu wa khanga. Alikwenda kuleta bilauri ya maji, akavitia, akamweleza kwamba vitayeyuka, na maji atayamwaga ardhini mahali pasipokanyagwa. Kisha alikaa.

"Siku kama ya leo aliitwa mabaya kuliko biskuti," alisema. "Na waliomwita hivyo aliwafia. Sikwambii kosa lako dogo. Nakwambia halikumshtua."

Leokadia alilia hapo, bila sauti. Padri alimwachia. Alipotulia alimpa maondoleo, akamuuliza yule mama wa watu alimwacha katika hali gani. Leokadia hakujua. Alikuwa amefikiri juu ya kitu kimoja tu, na sasa aliona jinsi Bi Mwanaasha alivyobaki kule uani na mkate umeungua, amefungua kinywa kwa tende bila mtu wa kumwambia amina. Padri alisema kwa Mungu ameshaomba radhi. Kwa yule mama bado, na huko ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa yule atajibu.

Aliporudi mlango haukuwa umefungwa. Futari yake iliwekwa palepale pa siku zote, imefunikwa kawa. Chumbani sauti ya Bi Mwanaasha ilikuwa ikisoma katika sala, na nyuma yake alikuwa Khairiya peke yake. Leokadia alikirudisha kikombe rafuni, akalala bila kula.

Alfajiri hakuamshwa kula daku. Siku zote Bi Mwanaasha alikuja mwenyewe, akamgusa bega, akasema amka mwanangu ule. Siku hiyo alizisikia nyayo zikipita mlangoni, zikasita, zikaenda. Alilala macho wazi akielewa kwamba si ukali. Mtu asiyefunga haamshwi daku. Lakini aliuma khanga yake ili asisikike akilia.

Asubuhi alifunga nguo zake katika mfuko uleule aliokuja nao, akauweka nyuma ya mlango, akaenda jikoni kusaga mchele kwa kuwa ulikuwa umerowekwa na ungeharibika. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsemesha. Khairiya alipita mara kadhaa akimtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anayetazama nyumba aliyokuwa akipita kila siku na leo kaambiwa ndani mna watu.

Ilipofika adhuhuri Bi Mwanaasha alitoka kuswali, akaja jikoni na sahani. Ilikuwa na muhogo wa nazi uliobaki jana, na kipande cha samaki. Aliiweka juu ya kigoda mbele ya Leokadia, yeye akakaa juu ya mbuzi, akashika nazi na kuanza kukuna.

"Kula," alisema.

"Bibi, sina njaa. Na nyinyi mmefunga."

"Mie nimefunga. Weye hukufunga. Hukula jana wala daku. Kula."

Leokadia aliinamia sahani. Hakujua kitu kigumu kama kile, kutia chakula mdomoni mchana wa Ramadhani, mbele ya mtu mwenye midomo mikavu anayemtazama. Angefurahi kupigwa. Alimega kipande kidogo cha muhogo, kikabaki mkononi.

Nazi ilikunwa. Baada ya muda Bi Mwanaasha aliuliza, macho yakiwa kwenye nazi, "Kila usiku ulisimama nyuma yangu. Midomo ikicheza nikiigeuza shingo kutoa salamu. Ulikuwa ukisema nini?"

"Nilikuwa nasema Baba Yetu, bibi. Ndiyo sala ninayoijua."

"Kila rakaa?"

"Kila rakaa."

Bi Mwanaasha aliguna. "Basi angalau kuna kitu ulikuwa ukisema. Mie usiku mzima nimeona nilisimamisha mtu nyuma yangu ananicheza shere." Akakuna tena, kwa nguvu zaidi ya inayotakiwa. "Nilikuombea, wajua? Kwa jina hilo. Mola mpe Rahma mume mwema. Sasa sijui dua ile kapewa nani."

Leokadia alisema amsamehe. Alisema mara mbili, maana ya kwanza haikusikika. Bi Mwanaasha hakusema nimekusamehe. Alisema jambo jingine, lililokuwa limemkaa tangu jana.

"Sisi twasema Nabii Issa hawakumpata. Mungu alimnyanyua, wakashika upepo. Nyinyi mwasema walimpata?"

"Ndiyo, bibi. Twasema walimpata."

"Wakamfanya nini?"

"Walimvua nguo," Leokadia alisema, na masikio yakamwaka. "Wakamtundika kwenye njia ya watu. Akafa hapo."

Bi Mwanaasha aliacha kukuna. Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali wala kwa kubisha, kama mtu aliyesikia habari za mwana wa jirani. "Na nyinyi mwataka iwe hivyo? Kwa nini mumtakie nabii wa watu aibu hiyo?"

Lilikuwa swali la kweli, na hakukuwa na padri wala Mwalimu Jaribu wa kulijibu. Leokadia alitafuta maneno. Aliyoyapata yalikuwa machache na hakuwa na hakika nayo.

"Hatumtakii. Aliichukua mwenyewe. Nilivyofundishwa, ni ili mtu akiwa kwenye aibu yake asimkute Mungu amempa mgongo." Akasita. "Mie jana ndiyo mara ya kwanza nimeelewa. Kabla ya hapo nilisoma tu."

Kwa Bi Mwanaasha hayo hayakuwa yake, na hakujifanya ni yake. Alikusanya nazi iliyokunwa, akaimwagia maji, akaanza kukamua tui, mikono ikijua kazi yake. Aliuona mfuko nyuma ya mlango. Leokadia alijua ameuona, kwa jinsi alivyoutazama na kuacha kuutazama.

"Utakaa mpaka Idi," alisema. "Mikate ya watu nimeshaahidi. Baada ya Idi tutazungumza, nikishajua na mie nafsini mwangu nasema nini. Sikwambii utabaki, sikwambii utaondoka. Lakini msala wangu usiusogelee. Ukitaka kusali, sali chumbani kwako, na hayo yako, mlango wazi."

"Ndiyo, bibi."

"Na kesho Jumapili. Mna sala?"

"Kesho ni Pasaka."

"Basi uamke mapema usage kabla hujaenda. Na usinambie tena unakwenda kwa shangazi."

Khairiya aliingia kuchota maji, akaiona sahani, akamwona mkwewe amekaa mbele yake. Alisimama kana kwamba anataka kusema kitu cha kuchekesha, akakikosa, akatoka na ndoo haijajaa.

Leokadia alitia kile kipande cha muhogo mdomoni. Kilikuwa baridi, na nazi ya jana imeanza uchachu kidogo. Alitafuna kwa muda mrefu, uso umemwaka, mchana mweupe ukiingia kwa mlango wa uani, na Bi Mwanaasha akimtazama bila kugeuza macho. Akameza. Akachukua kingine. Bi Mwanaasha akamsogezea kipande cha samaki, bila kumwita kwa jina lolote, na kumwambia asiache miba sakafuni.